Ameacha kubeti, mimi bado nashtuka

Jumamosi iliyopita nimetumbukiza simu ya mume wangu kwenye beseni la nguo. Haikuniponyoka. Niliichukua mkononi mwake, nikatembea hatua nne mpaka uani, nikaizamisha katikati ya mashati ya shule na kuibana chini kwa kiganja mpaka mwanga wa kioo ukazimika ndani ya povu.

Kosa lake? Alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, saa kumi alasiri, mechi ya mapema ya Uingereza inaendelea kwenye kibanda umiza cha jirani, vijana wanapiga kelele, na yeye akatazama simu, akacheka, halafu akaigeuza kifudifudi juu ya paja. Hiyo kuigeuza ndiyo iliyonimaliza. Kuna wakati katika ndoa yangu simu ilikuwa ikigeuzwa hivyo hivyo kila nikipita.

Kumbe ilikuwa video kutoka kundi la wazazi. Mtoto wa darasa la pili anaimba, kasahau maneno, anaendelea kupiga makofi peke yake. Nimekuja kuiona kesho yake kwenye simu yangu. Inachekesha kweli.

Kinachoniaibisha zaidi ni kwamba Alhamisi, siku mbili kabla, msomaji wangu mmoja alikuwa ameniandikia. Mume wake naye kaacha kubeti, mwezi wa tano sasa, lakini simu yake ikilia tu tumbo linamkata na mikono inatetemeka. "Dada, wewe uliwezaje?" Nami nilishaanza kumjibu, tena kwa majivuno, aya tatu nzima za "mpendwa, mambo haya yanataka subira". Nimezifuta. Jibu langu ni hili hapa, bado lina harufu ya sabuni.

Wanaonisoma siku zote wanaijua habari yetu, wageni nawapa kwa kifupi. (Sijawahi kuwa na kifupi, mnisamehe.) Mimi ni fundi cherehani, Kihonda, hapa Morogoro. Nashona sare za shule Januari, magauni ya vitenge mwaka mzima. Desemba 2023 tulivunja kikoba chetu, na mgao wangu, shilingi 2,340,000, ukaingia kwenye simu Ijumaa jioni. Hesabu zake nilishazipanga: mashine ya ovaloki, ada, mabati manne ya jikoni. Jumatatu nikaenda kwa wakala kutoa. Salio: shilingi 1,150.

Nikadhani mtandao unasumbua. Nikaomba taarifa ya miamala. Hela ilitoka usiku wa kuamkia Jumapili, mara 11, kuanzia saa saba na dakika chache mpaka saa tisa kasoro. Usiku ule nilikuwa nimelala pembeni yake, na simu yangu nalala nayo chini ya mto. Namba ya siri ilikuwa mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa kwanza, haikuhitaji mganga kuijua. Lakini simu ilikuwa chini ya kichwa changu, kwa hiyo kuna mahali ilibidi akiinue. Na nakumbuka. Usingizini nilihisi kiganja kinapita chini ya shingo yangu, taratibu, na nikafikiri ananiweka vizuri. Nilimsogelea.

Hapo ndipo penye kidonda, wapendwa, si kwenye hela. Hela nimeshazishona tena.

Ilipojulikana, kila mtu aliniuliza swali moja: mwanamke gani? Dada yangu alipanda basi kutoka Dodoma, kajifunga kanga kiunoni kabisa, yuko tayari. Mwanamke hakuwepo. Kulikuwa na kindege, mchezo wa kamari wa kwenye simu. Kinaruka kwenye kioo, namba inapanda, moja nukta mbili, mbili, tano, nawe unatakiwa kubonyeza kabla hakijapotea. Ukichelewa, kimeondoka na dau lako. Kabla ya kindege ilikuwa mikeka ya mpira, yaani unabashiri mechi kadhaa kwa pamoja, moja ikikosewa umeliwa, na mkeka ulikuwa ukichanika kwa timu moja tu kila wiki, ile timu moja inayomfanya mtu aseme nilibakiza kidogo. Mke atashindana vipi na "nilibakiza kidogo"?

Mikopo ya kwenye simu ndiyo iliyotuvua nguo hadharani. Walimpigia mama mkwe, wakampigia mchungaji, wakampigia mteja wangu mwenye oda ya sare 60, wakimwambia kila mmoja kwamba ameandikwa mdhamini. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, niliifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Matatu nilishawahi kutukanwa nayo.

Mwaka huo wote wa 2024 nauruka. Kuacha, kurudia, kulia, vikao vya ukoo, kila aliyepitia anavijua na hana hamu navyo. Jinsi alivyoacha ni habari yake, akitaka ataisema mwenyewe. Ana miezi 14 sasa. Daktari wa akili alimweleza kwamba tangu 2013 madaktari wenzake wa Marekani wameuweka ulevi wa kamari sura moja na ulevi wa pombe na unga katika kitabu chao cha uchunguzi. Mume wangu alipata nafuu kusikia ana ugonjwa wenye jina. Mimi nilikasirika wiki nzima. Naelewa ni ugonjwa. Ila mkono uliopita chini ya shingo yangu ulikuwa mkono wake.

Sasa, dada uliyeniandikia, hiyo tetemeko yako mimi naiita kutoneshwa. Kidonda kimefunga juu, mtu anapita na ndoo, anakigonga pale pale. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wahenga walishasema, lakini wahenga hawakusema ufanye nini unyasi ukiwa unalala nao kitanda kimoja.

Vinavyonitonesha mimi ni hivi. Mlio wa meseji baada ya saa sita usiku. Yeye kwenda chooni na simu. Sentensi inayoanza na "mama, wiki ijayo nitakurudishia", hata kama ni ya shilingi 500 ya nyanya. Sauti ya mtangazaji wa mpira. Na kimoja ambacho hakuna aliyenionya: kuku.

Enzi zile akishinda, alikuwa anarudi na kuku wa kuchoma kwenye karatasi, amenona, pilipili pembeni, na wakati mwingine doti ya kanga. Tulikuwa tunakula tukicheka. Watoto walimpenda baba wa usiku huo kuliko baba wa usiku mwingine wowote. Basi mwaka jana mwezi wa saba kalipwa kazi ya kupaka rangi nyumba ya watu, kazi halali, mimi mwenyewe nilimpelekea chakula pale, na jioni kaja na kuku. Harufu tu ilipoingia mlangoni nilitoka nje nikatapika kwenye maua. Alisimama na lile karatasi linavuja mafuta mpaka kwenye viatu, hajui aliweke wapi. Watoto wakala wenyewe kimya kimya. Nilimwonea huruma, na nikamchukia kwa kunifanya nimwonee huruma. Jema likikutonesha utamweleza nani? Ukimwambia jirani "mume wangu kaniletea kuku nikatapika", atakutafutia maombi.

Nikajitibu vibaya. Sema nilijitibu kwa upelelezi. Naamka saa nane, nachukua simu yake, nasoma meseji, napekua miamala, nahesabu bando kaliwa kiasi gani. Nilijua ratiba za ligi ya Uturuki mimi, mwanamke ambaye Simba na Yanga nazitofautisha kwa rangi ya jezi. Nikikuta hakuna kitu sipumui, nasema kaficha vizuri. Siku moja nesi aliyekuwa ananipima presha alisoma 160 kwa 100, akauliza nalala saa ngapi. Nikamtajia. Akasema, "Mama, kwa hiyo mnaokesha na simu usiku mko wawili."

Sikumpenda siku hiyo. Lakini upelelezi nimeuacha, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na nadhani wa pili na wa tatu pia: acha kupekua. Hutapata amani kwenye simu ya mtu. Ukikuta kitu unaumia, usipokuta unatafuta tena. Acha kupekua, dada yangu.

Badala yake, linda chako. Namba yangu ya siri sasa haina mtoto ndani yake. Hela ya kikoba haikai kwenye simu hata usiku mmoja. Na nyumba: mwaka ule alishaanza kuongea na mkopeshaji kuhusu nyumba yetu. Msaidizi wa kisheria ndiye aliyenionyesha Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, kwamba nyumba mnayoishi kama mume na mke haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, na kwamba unaweza kuweka zuio. Wanawake wangapi wanasaini karatasi wakiwa wanasonga ugali! Soma kabla ya kusaini. Kama huelewi, usisaini, hata kama mwali wa harusi ni wewe na ndoa ina wiki mbili. Nilivyojua paa haliwezi kuondoka nikiwa nimelala, mlio wa meseji ulipungua ukali kwa nusu. Hilo nakuapia. Woga mwingine hauponi kwa kuvuta pumzi, unapona kwa karatasi.

Kuvuta pumzi nako kupo. Mshauri pale hospitali alinifundisha, likinipanda nitaje vitu vitano ninavyoviona. Mimi natumia kitambaa. Naweka mkono kwenye kitenge na kutaja rangi kwa sauti, bluu, njano, bluu ya bahari, mpaka moyo urudi mahali pake. Wateja wananidhania nachagua nyuzi.

Na sema. Sisi wanawake tumelelewa kunyamaza hadi tunapasuka. Tuna neno moja tu nyumbani kwetu: "Nimetoneshwa." Nikisema hivyo yeye haulizi "kwani nimefanya nini", hajitetei, anaweka simu mezani, kioo juu, anakaa. Ni makubaliano. Kwa miezi yalifanya kazi vizuri, na ndiyo maana Jumamosi inaniuma, kwa sababu neno lilikuwepo mdomoni na mikono ikatangulia.

Na nyinyi wanaume mnaonisoma kwa siri, najua mpo: msimwambie mkeo "si nimeshaacha, unataka nini tena?" Uliacha wewe. Yeye hakuwa amecheza, hana cha kuacha. Ulimchimbia shimo miaka mitatu, unamtaka atoke kwa wiki tatu akiwa na tabasamu? Mpe muda. Kaa uulizwe. Ukiulizwa mara ya mia, jibu mara ya mia. Na ninyi mashangazi wa kikao, "samehe yaishe" yenu hiyo mkaisemee nyumbani kwenu. Nimesamehe Jumatatu, Alhamisi nikakuta imerudi, nikasamehe tena. Wala sijui kama nimemaliza.

Haya, nimeshapanda mimbari, nashuka.

Simu tuliiweka kwenye mchele siku mbili. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza kidogo. Aliosha yale mashati mwenyewe, akayaanika, akasema tu, "Ungesema neno, mama." Jumatatu simu ikawaka, kila kitu kipo, isipokuwa haitoi sauti. Spika imekufa. Nikafurahi moyoni, nikasema Mungu ametenda, ule mlio ndio basi.

Usiku wa kwanza sikulala. Simu imekaa pale juu ya stuli, kimya, na kila baada ya dakika chache nafungua jicho kuona kama kioo kimewaka. Usiku wa pili mkono wangu ulishafika kwenye stuli kabla sijajua nafanya nini. Nikaurudisha.

Jumatano nikaipeleka kwa fundi. Spika mpya shilingi 15,000, hela yangu ya kushona. Jioni nilikuwa kwenye mashine namalizia kola, yeye yuko uani, simu iko kitandani, ikalia. Mguu ukakanyaga pedali vibaya, sindano ikanipita ukucha wa kidole cha shahada. Nikanyonya damu isichafue kitambaa, nikasema bluu, njano, bluu.

Akaja kuichukua, akaisoma pale pale mbele yangu. Kampuni ya simu, wanatutangazia bando la usiku.