Kabla hujamwambia fundi akuwekee uzi wa rangi kwenye koti

Koti nililoshonesha kwa ajili ya harusi yangu lilikuwa la bluu iliyokolea. Nilimwomba fundi azungushe uzi mwekundu kwenye kingo zote: kola, mbele, vifuniko vya mifuko, hadi kwenye mikono. Nilikuwa nimeona picha nikaitamani. Akapiga kwa cherehani ya kawaida, uzi wa polista, mshono wa mfululizo. Siku ya harusi lilipendeza. Liliporudi kutoka kwa dobi, kingo zilikuwa zimefinyana na ncha za kola zimeinuka kama jani la mgomba lililopigwa jua.

Nikalirudisha ule uzi ufumuliwe. Ukafumuliwa, lakini ukaacha safu ya vitobo vya sindano kuzunguka koti zima. Ukisimama kivulini huvioni. Ukikaa karibu na dirisha vinaonekana kimoja kimoja. Pasi ya mvuke haikusaidia. Iliniuma sana, na tangu hapo sijashonesha koti bila kukaa na fundi na kuzungumzia uzi kwanza.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mshono huo wa pembeni una kazi kabla ya kuwa pambo. Ukingo wa koti una tabaka kadhaa: kitambaa cha nje, kanvasi au stifu (kitambaa kigumu cha ndani) katikati, na kitambaa cha upande wa pili. Tabaka hizo zisiposhikwa zinacheza, na ule upande wa chini unachungulia juu. Basi fundi wa suti hupita kwa mkono, milimita chache tu kutoka ukingoni. Sindano inachomoza juu, inarudi nyuma nyuzi mbili tatu za kitambaa, inazama, inachomoza tena mbele. Juu ya koti kinachobaki ni kidoti chenye kishimo kidogo, mfano wa punje ya ufuta iliyobonyezwa kwenye mkate. Uzi unatakiwa kulazwa, usivutwe. Mshono wa cherehani uliokazwa mno unakivuta kitambaa kwenye ukingo wote, na ndivyo langu lilivyoharibika.

Viwandani kuna mashine maalumu zinazoiga mshono huo, na makoti mengi ya dukani yenye vidoti yametoka huko. Si vibaya. Ila usilipie bei ya kazi ya mkono kwa kazi ya mashine. Vidoti vya mashine vinalingana kabisa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi vinaonekana waziwazi kwa mbali. Vya mkono vimetulia ndani ya kitambaa. Inabidi ulisogeze koti karibu na macho.

Kuhusu rangi, ushauri wangu ni huu: chagua uzi wa rangi ya kitambaa chenyewe, au uliokolea zaidi kidogo. Kama roho yako inataka rangi tofauti, iweke mahali pamoja tu, tena padogo, mfano nyuma ya kola, sehemu inayoonekana ukiisimamisha. Kwa koti la sufu nzito lisilo la suti, la kuvaliwa na suruali ya kitambaa kingine, mshono wa cherehani wa robo inchi kutoka ukingoni unapendeza, maana kitambaa kinene kinaumeza. Kwa suti nyembamba za kwetu Dar, ambazo joto linatulazimisha kuzivaa, usijaribu.

Na fundi asiguse koti lako kwanza. Mwombe apige mshono huo kwenye kipande cha kitambaa hichohicho, chenye stifu ndani, kisha akipige pasi mbele yako. Ni dakika kumi tu.

Matundu ya kifungo kwenye mikono yanayofunguka kweli ni mazuri, lakini yakishakatwa mkono haufupishwi wala kurefushwa kirahisi. Yakatwe mwisho kabisa, baada ya kulijaribu koti ukiwa umevaa shati lenyewe. Na zile nyuzi nyeupe zenye umbo la msalaba kwenye mpasuo wa nyuma si pambo. Ni bandi ya muda ya kuzuia mpasuo usifunguke safarini. Zikate, pamoja na kile kitambaa chenye jina la kampuni kilichoshikizwa juu ya mkono.

Ukiwa na fedha ya kazi moja tu ya mkono, ipeleke kwenye tundu la kola ya kushoto, yaani ule upande unaokunjwa kifuani. Zamani koti lilifungwa hadi shingoni, na tundu lile lilikuwa na kifungo chake upande wa pili. Leo limebaki la ua, na liko pale macho yanapotua. Anayetaka kujua kazi nzuri inavyofanana aangalie kofia ya viua ya Zanzibar au Lamu: kila kijitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono, mzunguko umebana, hakuna unyuzi uliochomoza. Tundu la suti ni ndugu wa kiua. Fundi hodari anatandika uzi mnene pembeni mwa mkato, halafu anauzungushia uzi wa hariri mpaka utokee mgongo ulioinuka wenye kung'aa. La cherehani huwa bapa, na baada ya muda nyuzi za kitambaa zinachungulia katikati.

Mwambie pia akate tundu hilo kweli, maana mengi yameshonwa tu bila kufunguliwa, na nyuma ya kola aweke kitanzi kidogo cha uzi, chini kidogo ya tundu. Siku ya harusi kikonyo cha ua kinapita kwenye tundu na kushikwa na kile kitanzi, na hakuna shangazi atakayelazimika kukuchoma pini kwenye koti jipya.