Ufundi wangu utabaki nikienda kampuni kubwa?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja hapa Mbeya, huu ni mwaka wa 5. Kampuni kubwa ya nje inataka kuniajiri nihudumie mashine zake Nyanda za Juu Kusini. Mshahara ni mzuri, ila mke wangu anahofia safari, nami nahofia kupoteza ufundi. Kazi ya huko ikoje? Msomaji, Uyole.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi hiyo niliifanya miaka 9, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona mwenyewe.

Hospitalini wewe ni fundi wa kila kitu, kuanzia jokofu la damu hadi mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Kampuni kubwa haitakuruhusu kugusa mashine ambayo hukufunzwa, na kila utakachofungua utakiandika, pamoja na namba ya kipimo ulichotumia na tarehe kilipohakikiwa. Mwanzoni niliona karatasi hizo zinanichelewesha tu. Jioni moja hapa Mbeya nilikuwa nafunga mashine ya usingizi iliyokwisha kupimwa Dar es Salaam, gari la Njombe linanisubiri nje, nikataka kuruka kipengele kinachoagiza kihisi cha oksijeni kirekebishwe mahali mashine itakapotumika. Nikajilazimisha kukipima. Katika hewa ya kawaida ya chumba kile, kihisi kilisoma asilimia 17 badala ya 21. Hakikuwa kibovu. Kihisi cha aina ile hupima mgandamizo wa oksijeni, na mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Ningesaini na kuondoka, mtaalamu wa usingizi angeanza kazi asubuhi akitegemea namba ya uongo. Tangu siku hiyo sikunung'unikia fomu tena.

Jambo lililonichosha ni vipuri. Mashine ya eksirei inakufa, kipuri kinasubiri idhini ng'ambo, nawe ndiye unayesimama mbele ya daktari wiki ya tatu bila jibu, ilhali wagonjwa wanaelekezwa mkoa mwingine. Katika hilo siwezi kuwatetea waajiri wangu wa zamani: walijua umbali wa Sumbawanga, na bado hawakuweka akiba karibu.

Kuhusu ufundi, kumbuka kwamba Medtronic, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za vifaa tiba duniani, ilianza mwaka 1949 katika gereji huko Minneapolis, Marekani, ikitengeneza vifaa vya hospitali vilivyoharibika. Mwaka 1957, baada ya umeme kukatika mjini humo, daktari wa upasuaji wa moyo, C. Walton Lillehei, alimwomba mmoja wa waanzilishi wa Medtronic, Earl Bakken, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kisichotegemea umeme wa ukutani, naye akakiunda cha betri, kidogo cha kuvaliwa mwilini. Aliweza kwa sababu alikuwa fundi aliyezoea kuingia wodini. Nawe usiache kukaa na wauguzi na kuwauliza mashine inawasumbua wapi.

Hofu ya mke wako ni ya haki, maana utalala nje ya nyumbani mara nyingi. Kaeni pamoja mkauulize mwajiri idadi ya hospitali utakazopewa na nani analipia malazi. Kisha usome kwa makini kifungu cha gharama za mafunzo, kwa kuwa mikataba mingine humtaka fundi azirudishe akiacha kazi kabla ya muda uliowekwa.