Ua gani hili linalosinyaa mchana?

SWALI: Shikamoo mjomba. Kuna ua limejiotea nyuma ya nyumba karibu na bomba, sijapanda mimi na kila ninayemuuliza hapa halijui. Mmea umenifika kiunoni, majani ni ya kijani tu ya kawaida, sasa maua ndo yananichanganya, shina moja hilohilo kuna la pinki, kuna la njano, na lingine lina mabaka ya rangi zote mbili! Nimekutumia picha nimepiga saa saba mchana ila maua yametoka yamejikunja kama yamenyauka, nahisi jua linayaunguza. Ni ua gani na je niling'oe? Nina mtoto wa miaka 2, huyo kila kitu mdomoni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayajanyauka hayo, yamelala tu, umeenda kuyapiga picha usingizini. Ebu rudi hapo kuanzia saa kumi jioni hivi, utayakuta yameanza kufunguka, na giza likiingia sogeza pua utasikia harufu tamu, maana wageni wake ni nondo wa usiku wale wenye ulimi mrefu, nyuki wa mchana hana nafasi sana. Asubuhi yanajikunja tena, ila siku ya mawingu yanachelewa kulala.

Kama ndivyo basi hiyo ni Mirabilis jalapa, asili yake Amerika ya joto, ila siku hizi imezagaa dunia nzima. Waingereza wameliita kwa saa yake ya kufunguka, yaani ua la saa kumi. Na kwenye picha yako kilichonishawishi hata kabla ya saa ni hayo mabaka, maua ya rangi tofauti kwenye shina moja si kitu utakiona kwa kila mmea, wala si ugonjwa wala si mbolea, ndivyo ulivyo. Ukiona mbegu zake zimeota rangi nyingine kabisa usishangae, huu ukimchanganya mwekundu na mweupe mara nyingi watoto wanatoka pinki, ndo maana walimu wa baiolojia wanaupenda kufundishia urithi.

Wapo watakaokuambia ni mnanaha kwa sababu ua lina umbo la tarumbeta. Hapana, tarumbeta la mnanaha ni kubwa zaidi na tunda lake lina miiba. Wewe angalia ua lilipodondoka, utakuta mbegu moja tu, nyeusi, ina makunyanzi, ukiiweka kwenye pilipili manga huitofautishi haraka. Ipasue, ndani kuna unga mweupe, Wajapani wameliita ua la poda kwa ajili ya huo unga. Mi rangi ya ua siiamini sana kwenye kutambua mmea, mbegu haidanganyi. Ukishapasua nawa mikono.

Sasa mtoto. Hapa sitakudanganya, mbegu na mizizi yake vina sumu, akimeza anaweza kutapika na kuharisha, na mbegu ndo hizo zinamwagika chini kila siku mahali anapotambaa. Mi ningeung'oa sasa hivi, akikua ukitaka panda tena. Ila kukata shina juu juu hakusaidii chochote, chini kuna kiazi kinene kama muhogo na kitachipua tena, kwa hiyo mwagia maji udongo ulainike halafu chimba taratibu ukitoe chote kisikatike, na mbegu zilizodondoka okota zote uwezavyo, maana mvua ikinyesha tu utaona vichipukizi, ving'oe vikiwa bado vidogo. Na ikitokea amemeza mpeleke hospitali na ubebe mbegu moja uwaonyeshe.

Ukipasua mbegu ukakuta hakuna unga mweupe nitumie picha nyingine, ila safari hii ya jioni.