Maswali na Majibu: Wimbi la nini hasa?

Tangu niandike juu ya bahari kuchafuka msimu wa kusi, simu yangu haina raha. Wengi mnauliza kama mawimbi ya wanasayansi ni hayo hayo ya baharini. Nachagua machache.

Mvuvi, Shela: *Boya langu likikatika kamba, huchukuliwa na mkondo. Mbona mawimbi, yanayoelekea ufuoni mchana kutwa, hayalileti nchi kavu?*

Bwana nahodha, hapo umegusa kiini cha mambo yote. Siku bahari imetulia kiasi, litazame boya kwa karibu. Wimbi likija, boya hupanda na kusogea kidogo kuelekea pwani; likipita, hushuka na kurudi nyuma, karibu pale pale. Ukilifuata kwa kidole, utachora duara. Maji yaliyolibeba hufanya vivyo hivyo. Kinachosafiri ni nishati. Mawimbi mengine yanayopiga Shela wakati wa kusi yamezaliwa na dhoruba za mbali sana kusini mwa Bahari ya Hindi, na maji ya huko yamebaki kwao.

Mambo hubadilika kina kinapopungua. Sehemu ya chini ya wimbi hucheleweshwa, kilele hutangulia, wimbi likavunjika. Hapo maji husukumwa kweli, na hapo ndipo mashua hupinduka.

Hata kujaa na kupwa ni wimbi, refu mno, la saa 12 na dakika 25 hivi kutoka kilele hadi kilele. Tsunami nayo iko kwenye kundi hilo la mawimbi marefu. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra ikavuka bahari hadi kwetu. Kwenye kina cha kilomita 4, wimbi la aina hiyo hukimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na aliye ndani ya meli pale katikati huenda asitambue kitu.

Basi mtaalamu akitamka neno wimbi, muulize mawili: nini kinatikisika, na nini kinasafiri?

Mwanafunzi wa kidato cha pili, Malindi: *Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kuwa mwanga ni wimbi. Kati ya jua na dunia hakuna maji wala hewa. Sasa ni wimbi la nini?*

Marahaba mwanangu. Swali hilo liliwasumbua wazee wenye ndevu zao karne nzima ya 19. Walidhani anga imejaa kitu kisichoonekana, wakakiita etha. Mwaka 1887 wanasayansi Michelson na Morley walikitafuta huko Marekani kwa kifaa makini sana, wakakikosa. Kinachotikisika ni uga wa umeme na uga wa sumaku, yaani nguvu zilizoenea mahali hata pasipo na kitu, na hizo hazihitaji kubebwa na kitu. Redio, mwanga na eksrei ni ukoo mmoja, zote zikienda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Zinatofautiana urefu: wimbi la redio ya FM lina mita 3 hivi, la mwanga wa kijani ni kama nusu ya elfu moja ya milimita.

Mama mtarajiwa, Malindi: *Nimeambiwa nikapigwe altrasaundi. Mama mkwe anasema mionzi itamdhuru mtoto.*

Mwambie kwa adabu kwamba anayoifikiria ni eksrei, na kwa hiyo tahadhari yake ina msingi. Altrasaundi ni sauti tu, yenye mitikisiko mamilioni kwa sekunde. Sikio letu hukomea 20,000 hivi. Kifaa hutuma sauti, husikiliza mwangwi wake, kompyuta ikachora picha. Ile jeli ya baridi wanayokupaka tumboni huondoa hewa, kwa sababu hewa ingerudisha karibu sauti yote kabla haijamfikia mtoto. Nenda ukapimwe, dada.

Kijana wa Ngomeni: *Babu husimulia roketi zilizorushwa kutoka majukwaa ya baharini hapa kwetu. Zilikuwa na faida gani?*

Mkalishe babu umrekodi, maana aliyoyaona ni makubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, Waitaliano walirusha kutoka jukwaa la San Marco setilaiti ya Marekani. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksrei za angani.

Eksrei hizo hazifiki ardhini kwa sababu hewa huzimeza, kwa hiyo lazima chombo kipande juu. Na kwetu ni karibu na ikweta: dunia inapozunguka huisukuma roketi, mafuta yakapungua. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksrei. Kimoja, Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta kwa kasi ya ajabu, na uchunguzi uliofuata ukakifanya kuwa shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki) la kwanza kukubaliwa na wengi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Huniudhi kuona watoto wa Malindi wanamaliza shule bila kuambiwa haya.

Mwalimu, Lamu: *Na mawimbi ya mvutano?*

Mvutano ni ile nguvu inayoangusha embe chini. Hapo kinachotikisika ni nafasi yenyewe ambamo vitu vyote vimo. Mwanafizikia Einstein aliyatabiri mwaka 1916. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO huko Marekani, iliyojengwa kuyanasa mawimbi hayo kwa mikono mirefu ya kilomita 4, ilinasa wimbi la mashimo meusi mawili yaliyogongana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mikono ilibadilika urefu kwa kiasi kidogo kuliko hata upana wa protoni, chembe iliyo ndani ya atomu. Lilipita Lamu pia, likatupita sote miilini.

Msomaji, Watamu: *Wimbi la korona nalo?*

Hilo ni umbo la grafu tu, idadi ya wagonjwa kupanda na kushuka. Baharini naweza kukadiria wimbi lijalo kwa kuhesabu lililopita. Kwa korona, hesabu hiyo haikufai: kila wimbi lilikuja na sababu zake, kirusi kugeuka au watu kurudi kukusanyika.

Msomaji, Lamu: *Mawimbi ya ubongo yanaweza kumfikia mtu mwingine, akajua mawazo yangu?*

Hapana. Daktari Hans Berger wa Ujerumani aliyarekodi kwa binadamu mwaka 1924. Ni umeme dhaifu, sehemu za milioni za volti, hata kuunasa lazima vibandikwe vifaa kichwani. Jirani akijua unachowaza, kuna mtu kamwambia.