Mti wa miiba nyuma ya nyumba: maswali yenu

*Maalim, asalaam alaykum. Shambani kwetu Malindi kuna mti wa miiba. Tumekata tawi, ndani jeusi. Mjomba asema mgunga, mimi nasema mpingo. Nani mkweli?*

Waalaykum salaam. Nadhani wewe, lakini usimshinde mjomba kwa rangi pekee. Tazama miiba. Ya mgunga huota penye kifundo cha jani, mara nyingi miwili miwili. Ya mpingo ni vitawi vifupi vilivyokakamaa na kuchongoka ncha, na utaona majani yakichipuka juu yake. Vijani vya mgunga ni vidogo mno. Vya mpingo ni vipana zaidi, tena havikai jozi, kimoja huku kingine kule. Ukiokota ganda la mbegu, bapa na jembamba, lenye mbegu moja au mbili, ushindani umekwisha. Kiini kina weusi wa zambarau, nje yake ubao wa manjano. Kata kipande cha kiini, kitie kwenye ndoo ya maji: kitazama. Mjomba mwambie kwa adabu.

*Milango ya nakshi ya Lamu ni mpingo?*

La. Shina la mpingo ni fupi na limepinda. Mbao pana zitatoka wapi? Mafundi walichukua mbambakofi, mvule na msaji. Mpingo ni wa bakora, vipini vya visu na kile kiti cha enzi chenye pembe ya ndovu, ambacho wengi hukiita kiti cha mpingo. Ulaya huufanya ala za kupuliza, klarineti na obo.

*Bibi anatafuta mti wa miiba wa kutibu homa. Ni mkunazi?*

Bila shaka ataka mjafari. Shina lake lina manundu, kila nundu na mwiba wake, na jani ukilifikicha latoa harufu ya ndimu. Magome huchemshwa yakanywewa, vijiti ni miswaki mizuri. Lakini bibi apimwe malaria kwanza. Mkunazi una jani lenye mishipa mitatu itokayo kikonyoni, na miiba jozi, mara nyingi mmoja umenyooka, wa pili umejikunja. Kunazi twala, majani huoshea maiti. Mimi nisingeukata hata unipasue kanzu.

*Mchonga vinyago ataka kununua mpingo wangu. Niuze?*

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufaa kwa mbao, basi hesabu mwenyewe bei aliyokutajia. Kuusafirisha kwahitaji kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya, na tangu 2017 jenasi yake yote, Dalbergia, imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo kuuza nje ya nchi kuna karatasi zake. Na wewe ukinunua kinyago ufukweni, kwaruza chini kwa kisu. Vingi vinavyoitwa mpingo ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Mwarobaini pia huchongwa vizuri. Muuzaji autaje tu kwa jina lake.