Asilimia 95, na bado mshale umekosa

Kaka wa Kondele, unasema kwenye gemu ya vita na uchawi ya Baldur's Gate 3 mshale wako ulionyeshwa nafasi ya asilimia 95 ya kumpata adui kisha ukapita kando, na sasa unashuku gemu inakuibia. Haikuibii. Dadu yake ina nyuso 20. Ikiangukia moja umekosa, hata uwe hodari vipi. Hiyo ndiyo asilimia 5 yako.

Kazi yako iko kabla dadu haijarushwa. Panda paa kwanza, maana kulenga kutoka juu kunaongeza 2 kwenye namba ya dadu yako. Bora zaidi, jifiche ndipo ufyatue: dhidi ya adui asiyekuona unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Nafasi ya asilimia 50 inakuwa 75. Ile ya 95 inabaki na uwezekano mmoja tu wa kukosa kati ya 400! Vijana wengi hapa Kisumu hukimbilia panga tu, labda kwa sababu wanalipia muda wa kucheza kwa saa.

Adui akibakiza damu kidogo, usimbahatishie. Mrushie Magic Missile, uchawi ambao hauhitaji dadu ya kulenga kabisa. Kuna pia Karmic Dice, chaguo la kuwasha au kuzima kwenye mipangilio, hupunguza mikosi ya mfululizo. Mimi huizima, inapunguza utamu.