Maswali ya Wasomaji: Diski Ikianza Kusuasua, Nakili Kabla ya Kurekebisha

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na ninaishi Buruburu. Tarakilishi yangu ya mezani, niliyoinunua ikiwa imetumika katika duka moja la Luthuli Avenue, ina Windows 10 na diski ya gigabaiti 500. Mwezi uliopita stima ilikatika nilipokuwa nikiingiza alama za wanafunzi. Tangu siku hiyo faili ya alama haifunguki ingawa jina lake lingalipo, folda ya picha za marehemu mama yangu huchukua dakika kadhaa kufunguka, na mara nyingine mashine hukwama kabisa. Sijasikia mlio wowote usio wa kawaida. Fundi wa mtaani amenishauri nitumie amri ya chkdsk pamoja na /r, na ikishindikana nifomati. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Usiufuate bado, Mwalimu, na pole kwa masaibu hayo. Fundi wako hajakudanganya, kwa kuwa chkdsk ni programu halali inayokuja na Windows yenyewe, lakini kazi yake ni kuuweka sawa mfumo wa faili, yaani lile daftari linaloonyesha faili ipi imekaa wapi, wala si kuyaokoa yaliyomo. Inapokuta maandishi yanayokinzana katika daftari hilo, hukata upande mmoja na kuendelea. Vipande vinavyobaki bila mwenyewe huvitia katika folda iitwayo FOUND.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK, na anayetafuta picha za mama yake katika fungu la namna hiyo atakesha. Tena /r huilazimisha diski isomwe sekta baada ya sekta, yaani kipande kidogo baada ya kingine, kutoka mwanzo hadi mwisho. Diski yenye afya humaliza kazi hiyo kwa saa chache, lakini iliyochoka huweza kuchukua siku nzima, na huweza kufa katikati kabla hujanakili hata picha moja.

Ninashuku kwamba una matatizo mawili yaliyokukuta kwa wakati mmoja. La kwanza limetokana na stima. Unapohifadhi faili, Windows huweka sehemu ya data katika ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kabla ya kuiandika kwenye diski, na umeme ukikatika wakati huo, kilichokuwa bado hakijaandikwa hupotea. NTFS, mfumo wa faili unaotumiwa na Windows, una rekodi ya mabadiliko inayouwezesha kulirekebisha daftari lake baada ya ajali kama hiyo, lakini kinga hiyo ni ya daftari, si ya maandishi yako. Ndiyo sababu jina la faili linabaki mahali pake ilhali ndani mna takataka. Tatizo la pili, ambalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, ni huko kusuasua na kukwama, kwani diski inayorudia kusoma sehemu moja mara nyingi kwa kawaida ina sekta zinazokufa.

Kulithibitisha hilo si kazi kubwa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha rekodi ambazo diski yenyewe hujiwekea kuhusu afya yake. Tazama mstari wa 05, unaohesabu sekta ambazo tayari zimebadilishwa kwa zile za akiba, na mstari wa C5, unaohesabu zile zinazoshindwa kusomeka na bado zinasubiri uamuzi. Hesabu ya C5 ikiwa juu ya sifuri, na hasa ikiwa inapanda kila siku, ichukulie diski hiyo kuwa mgonjwa mahututi.

Ikithibitika hivyo, zima kompyuta wala usiiwashe tena kwa diski hiyo. Ukiiwasha kwa bahati mbaya, huenda Windows ikaanza yenyewe kuikagua diski. Ikikupa zile sekunde chache za kughairi, bonyeza kitufe chochote. Tafuta diski nyingine isiyopungua gigabaiti 500, kisha washa mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na utumie ddrescue, programu ya kunakili diski yote. Ninaipendelea kuliko zote kwa sababu huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zilizo ngumu na kuzirudia mwishoni, na huandika katika faili ya pembeni mahali ilipofikia, hivyo hata stima ikikatika tena utaendelea pale pale ulipoachia. Jambo moja la hatari: katika amri yake diski mbovu hutajwa kwanza na diski mpya hufuata, na ukizigeuza utaifuta ile unayotaka kuiokoa. Kama mkono wako haujazoea amri za namna hii, mpe kazi hiyo anayezijua, na umwambie waziwazi kwamba unataka nakala ya diski nzima kabla ya matengenezo yoyote.

Ukishapata nakala, hapo ndipo chkdsk inapofaa, tena uielekeze kwenye nakala hiyo, ukianza na /f inayorekebisha daftari bila kupekua kila sekta. Kuhusu alama, anza kwa kutafuta toleo lolote ulilowahi kumtumia mwalimu mkuu au mwenzako kwa WhatsApp au barua pepe. Wengi huhangaika na diski ilhali faili imelala kwenye simu. Usipolipata, ifungue nakala ya faili ndani ya Excel kwa kuchagua “Open and Repair”, ambayo mara nyingine huokoa takwimu hata pale mpangilio wa jedwali umevurugika. Na kabla ya msimu mwingine wa mitihani, nunua UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme stima ikikatika. Haitakupa saa nyingi za kazi, lakini dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu zinatosha.

SWALI: Flashi yangu imeanza kuniambia niifomati kila ninapoichomeka. Ina picha za harusi ya dada yangu. Niliinunua kwa bei nafuu sana mjini. (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Kataa kuifomati na usiandike chochote juu yake. Jaribu PhotoRec, programu ya bure isiyolitegemea daftari la faili bali hutafuta picha kwa kutambua alama zinazozianzia. Picha zitakazopatikana zitarudi bila majina yake. Zihifadhi kwenye kompyuta, kamwe si kwenye flashi hiyo hiyo. Bei uliyoitaja inanipa hofu, kwa kuwa zipo flashi zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 128 ilhali ndani hazifiki hata robo yake, na chochote kinachopita uwezo wake halisi hakikuandikwa kamwe, hivyo hakuna programu itakayokirudisha. Baadaye ipime kwa H2testw, inayoijaza na kuisoma upya.

SWALI: Nimebadilisha diski mara mbili mwaka huu, na bado faili ninazonakili huharibika. Mafundi wawili wamesema diski ni nzima. (Mzazi, Lang'ata)

JIBU: Ninawaamini mafundi hao, na ninasikitika kwamba umetumia fedha kwa kifaa kisicho na kosa. Data hupita kwenye ramu na kwenye kebo kabla ya kufika kwenye diski, na ikiharibikia njiani, diski itahifadhi uharibifu huo kwa uaminifu mkubwa. Anza na ramu: andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, uruhusu mashine ijiwashe upya, na uiache ijipime. Kosa hata moja linatosha kuishuku ramu. Ikiwa una vipande viwili, chomoa kimoja na upime tena ili ujue kibovu ni kipi. Kisha fungua CrystalDiskInfo na usome mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, ambayo mara nyingi husababishwa na kebo iliyolegea au kuchakaa. Badilisha kebo, uiandike hesabu hiyo kwenye karatasi, na uitazame tena baada ya wiki moja. Usishtuke ukiona haijarudi sifuri, kwa sababu haishuki hata kebo ikiwa mpya. Unachotafuta ni kuona kwamba imeacha kupanda.